Kuwa na Kuwa Na: Klasi, Kitu na Urithi katika Uandishi wa Programu

Kiswahili hutenganisha kwa silabi moja tu mambo mawili ambayo mwandishi wa programu za kompyuta akiyachanganya hujikuta, baada ya miezi michache, amebaki na kazi isiyorekebishika: kuwa, na kuwa na. Daladala ni gari. Daladala ina injini. Sentensi ya kwanza inaeleza kitu kilivyo, ya pili inaeleza kile ambacho kitu hicho kinacho, na hapana mzungumzaji wa Buguruni jijini Dar es Salaam, hata mtoto wa darasa la kwanza, atakayesema kwamba daladala ni injini akadhani amesema jambo lilelile. Mhadhara huu unaeleza dhana tatu zilizo msingi wa uandishi wa programu kwa njia ya vitu, yaani klasi, kitu na urithi, na unashikilia kwamba ugumu wake mkubwa, ambao ni kujua urithi utumike wapi na uachwe wapi, unaweza kupimwa kwa silabi hiyo, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, kipimo chenyewe nacho kina mpaka wake. Wanafunzi wengi hufundishwa dhana hizi kwa Kiingereza na kwa mifano ya mbali na maisha yao, wakafika mwisho wa somo wamekariri maneno bila kugundua kwamba mizani walikuwa nayo tangu walipoanza kusema.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza. Neno klasi limechaguliwa hapa kwa sababu maneno mengine yanayoweza kushindania nafasi hiyo yamekwisha kupewa kazi: darasa ni mahali pa wanafunzi, tabaka limeshikwa na wanaojadili matajiri na maskini, na ngeli ni mali ya wanasarufi, japo neno hilo la mwisho litarudi katika mjadala huu kwa uzito wote. Kwa upande wa kitu, halikutafutwa neno la kigeni, kwa kuwa Kiswahili hukiita kitu chochote kile kinachoweza kutajwa, kuhesabiwa na kutofautishwa na kingine, na hiyo ndiyo maana inayotakiwa. Ni haki kukumbuka kwamba kazi ya kuiswahilisha kompyuta si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili, na jambo hilo lilionyesha kwamba mtumiaji anaweza kuamrishana na mashine kwa lugha yake. Lakini kilichofasiriwa kilikuwa uso wa programu, yale maneno anayoyaona aliyeketi mbele ya kioo; maneno ya ndani, ambayo mwandishi wa programu huyatumia kufikiri, yamebaki yakikopwa kila siku, na ndiyo yanayoshughulikiwa hapa.

Programu, kwa maana yake ya kwanza, ni orodha ya maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine. Kwa kazi ndogo orodha hiyo hutosha. Ugumu huanza pale programu inapotakiwa kushika mambo mengi yanayobadilika kwa wakati mmoja, kama ambavyo ingetakiwa kufanya iwapo mtu angetaka kuiga ndani ya kompyuta makutano ya Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokatana na Barabara ya Mandela, ambapo daladala, malori ya bandarini, bajaji, bodaboda na mikokoteni hugombea nafasi moja. Kwa mtindo wa kale mwandishi angetengeneza orodha ya namba za magari, orodha nyingine ya njia, nyingine ya idadi ya abiria, na nyingine ya mafuta yaliyobaki, kisha pembeni akaandika maagizo ya kupakia, kushusha na kuondoka. Taarifa zinakaa upande mmoja na matendo upande mwingine, na kinachoziunganisha ni kumbukumbu ya mwandishi peke yake. Siku mstari mmoja ukifutwa katika orodha ya namba na usifutwe katika orodha ya abiria, gari la nne litabeba abiria wa gari la tano, na kompyuta haitaona kosa lolote, kwa sababu haikuambiwa kwamba namba ile na abiria wale ni wa gari moja.

Njia ya vitu inaanzia hapo: taarifa za gari moja na matendo ya gari hilo hufungwa pamoja, na furushi hilo ndilo linaloitwa kitu. Klasi ni maelezo ya jinsi vitu vya namna moja vinavyoundwa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa kalibu na tofali. Fundi wa matofali ya saruji, ambaye kando ya barabara nyingi za Dar es Salaam huonekana akikausha kazi yake juani, ana kalibu ya inchi 5 na ya inchi 6, na kutoka kalibu moja hutoka matofali mengi yenye umbo lilelile. Hata hivyo hakuna anayejenga nyumba kwa kalibu, wala tofali moja likivunjika kalibu haipati ufa. Klasi ni kalibu, kitu ni tofali. Programu inaweza kuwa na klasi moja iitwayo Daladala na vitu elfu vilivyofyatuliwa kutoka klasi hiyo, kila kimoja kikiwa na namba yake, njia yake na abiria wake.

Mfano wa kalibu, pamoja na uzuri wake, unaficha nusu ya jambo. Tofali likishakauka halifanyi chochote, ilhali kitu cha programu kinatenda. Kwa hiyo klasi hueleza mambo mawili kwa pamoja: sifa, yaani yale ambayo kila kitu cha klasi hiyo kitayabeba, na matendo, yaani yale ambayo kila kitu cha klasi hiyo kinajua kuyafanya. Klasi ya Daladala itataja kwamba kila daladala ina namba ya usajili, njia, nafasi za kukaa na idadi ya abiria waliomo, na itataja pia kwamba kila daladala inajua kupakia, kushusha na kuondoka kituoni. Namba yenyewe haimo katika klasi. Klasi inasema tu kwamba lazima namba iwepo, na namba hujazwa pale kitu kinapoundwa, kama ambavyo sheria ya usajili inasema kila chombo kitakuwa na kibao, lakini herufi na tarakimu za kibao huwa za chombo kimoja tu. Coaster mbili zikiegeshwa Buguruni Sheli zikiwa za rangi moja, mwaka mmoja na njia moja, hata kama kila sifa nyingine imelingana, bado ni magari mawili, na abiria aliyesahau mzigo katika moja hatausifu mfanano huo. Utambulisho wa kitu, basi, ni jambo lililo tofauti na sifa zake, na mwanafunzi asiyelishika hili mapema atasumbuka baadaye atakapoiuliza programu kama vitu viwili ni sawa, maana swali hilo lina majibu mawili: vinafanana, au ni kimoja.

Kufunga taarifa na matendo pamoja kuna matokeo mengine yanayostahili jina lake, na jina linalopendekezwa hapa ni usitiri. Abiria anayetaka kulipa hampokonyi konda noti zake akajihesabia chenji. Humpa nauli, na konda mwenyewe ndiye anayejua fedha inakaa mfuko gani, chenji inatoka wapi na hesabu ya tajiri imefikia wapi. Kitu kilichoandikwa vizuri hufanya vivyo hivyo: sifa zake za ndani hazigusiki kutoka nje, na kinachowezekana kwa wengine ni kukiletea ujumbe, yaani ombi la kufanya tendo mojawapo kati ya yale kinayoyajua. Faida yake huonekana siku mambo ya ndani yanapobadilika. Konda akiacha noti na kuanza kupokea malipo kwa simu, abiria bado ataambiwa neno moja, nauli, na hatalazimika kujifunza upya jinsi ya kupanda gari. Na programu ambayo sehemu zake zinawasiliana kwa ujumbe tu inaweza kukarabatiwa chumba kimoja bila kubomoa nyumba nzima.

Asili ya dhana hizi iko Oslo, Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei, walitengeneza lugha ya programu iitwayo Simula tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kusudi la lugha hiyo lilikuwa uigaji, yaani kuijenga ndani ya kompyuta picha inayosogea ya jambo la duniani ili kuona litakwendaje, na mambo waliyokuwa wakiyaiga yalikuwa yaleyale ambayo mkazi wa Dar es Salaam huyajua kwa miguu yake: foleni, wateja wanaosubiri, vyombo vinavyofika na kuondoka. Mfano unaosimuliwa kuhusu kuzaliwa kwa wazo la urithi, katika majira ya baridi ya mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967, ni wa daraja lenye kibanda cha ushuru na foleni ya magari, mengine malori na mengine mabasi. Lori na basi yana mambo mengi ya pamoja, kwa kuwa yote hufika, hupanga foleni, hulipa na hupita, lakini kila moja lina mambo yake. Kuandika klasi mbili kamili ni kurudia maneno yaleyale mara mbili, na kuandika moja tu ni kupoteza tofauti.

Msomaji wa Buguruni hahitaji kwenda Oslo kuliona daraja hilo. Anayeifuata Barabara ya Mandela akapita Tazara na kuelekea upande wa bandari hufika Kurasini, ambako daraja la Kigamboni, lililopewa jina la Mwalimu Nyerere na kufunguliwa Aprili 2016, linavuka mkono wa bahari kwa urefu wa mita 680. Na vyombo vilivyovuka vilitozwa kulingana na aina, pikipiki kiasi chake, bajaji chake, gari dogo chake, basi na lori vyao. Jedwali la ushuru la namna hiyo ni mchoro wa klasi uliobandikwa ukutani. Kuna jambo moja la jumla, chombo kinachovuka, na chini yake kuna namna za vyombo, kila namna ikiwa na jibu lake kwa swali moja: unalipa nini?

Ufumbuzi wa Dahl na Nygaard ulikuwa kuandika klasi ya jumla mara moja, kisha kuiunda klasi nyingine kwa kuanza na jina la ile ya jumla na kuongeza kilichopungua. Ndani ya Simula 67 jina hilo la jumla liliandikwa mbele ya tangazo la klasi mpya, na wenyewe waliliita kiambishi awali. Kwa msemaji wa lugha ya Kibantu jambo hili linagusa mahali pa ndani. Wilhelm Bleek, katika sarufi yake linganishi ya mwaka 1862, alizipanga nomino za lugha za Kibantu kwa namba kufuata viambishi vyake vya mbele, na wanasarufi wa Kiswahili wanazijua ngeli hizo kwa upatanisho wake: kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka; mti umeanguka, miti imeanguka. Nomino ikishaingia katika ngeli ya KI-VI haihitaji kufundishwa moja moja jinsi itakavyopatana na kitenzi, kivumishi na kionyeshi, kwa sababu mwenendo huo wote umekwisha kuandikwa katika ngeli. Neno jipya likikopwa leo likaanza na ki, kama kilivyofanya kitabu kilipotoka Kiarabu, mara moja litapata wingi wake wa vi na upatanisho wake wote, bila kikao cha mtu yeyote. Hivyo ndivyo klasi-mwana, yaani klasi iliyoundwa kwa kuanzia nyingine, inavyopata sifa na matendo yote ya klasi-mzazi bila kuandikiwa tena.

Ngeli inaangaza hata jambo gumu zaidi ambalo huitwa utenguzi. Kiziwi, kiongozi na kifaru ni maneno yenye sura ya KI-VI, na wingi wake ni viziwi, viongozi na vifaru. Lakini kitenzi kinapofika, Kiswahili sanifu hakisemi kiongozi kimefika bali kiongozi amefika, wala hakisemi viziwi wa Shule ya Viziwi ya Buguruni vimefika. Sura imepokewa kutoka ngeli moja na upatanisho umetenguliwa, kwa sababu mwenye uhai ana kanuni yake. Klasi-mwana nayo inaruhusiwa kupokea yote ya mzazi kisha kulitengua tendo moja na kuliandika upya kwa namna inayoifaa, huku mengine yakibaki kama yalivyo. Mwanafunzi anayeuliza inawezekanaje kitu kiwe cha klasi fulani na bado kisifuate kila tendo lake amekwisha kulijibu swali hilo maelfu ya mara kwa kinywa chake.

Hata hivyo, mlinganisho usipewe mzigo usioubeba. Ngeli haifyatui nomino kama kalibu, wala mtu hawezi kusema kwamba kiti na kijiko ni ndugu kwa maana yoyote yenye kazi katika programu. Ngeli hupanga maneno, na klasi hupanga mwenendo wa vitu. Kilicho sawa kati yake ni tabia ya akili: kutambua kwamba kukijua kitu ni cha kundi gani ni kujua tayari kitatendaje.

Neno urithi lenyewe linahitaji tahadhari, kwa sababu limebeba maana nzito nyumbani. Mirathi inayofikishwa mahakama ya mwanzo ina sifa tatu: mwenye mali amefariki, mali inatoka kwake na kwenda kwa wengine, na kila mrithi hupata fungu, si mali yote. Katika programu hakuna hata moja kati ya hizo. Klasi-mzazi inaendelea kuishi, haipungukiwi na chochote, na warithi wake hata wakiwa mia kila mmoja hupata kila kitu kizima. Urithi huu unafanana na wa pua na sauti, ule unaowafanya majirani wamtazame mtoto na kusema huyu ni babake mtupu, kwa kuwa baba hakupoteza pua yake mtoto alipoipata. Na unatofautiana nao kwa jambo moja la uzito, kwamba mzazi akibadilishwa leo, watoto wote hubadilika leo hiihii. Anayeongeza sharti katika klasi ya Gari amewaongezea sharti daladala, lori na bajaji wote, wawe wanalitaka au hawalitaki. Hapo ndipo nguvu ya urithi na hatari yake hukaa chumba kimoja, na ndiyo sababu kuutumia kwa pupa ili tu kupunguza maandishi ni kosa ambalo walimu wanapaswa kulikemea mapema kuliko wanavyofanya.

Kipimo, basi, ni silabi ile. Kabla ya kuifanya klasi moja kuwa mwana wa nyingine, mwandishi aitamke sentensi kwa Kiswahili. Daladala ni gari: sentensi imesimama, urithi unafaa. Daladala ni injini: sentensi imeanguka, na ukweli ni kwamba daladala ina injini, kwa hiyo kitu cha klasi ya Injini kiwekwe ndani ya daladala kama sifa yake, si kama mzazi wake. Tena Kiswahili kina daraja la tatu ambalo lugha nyingi hulificha, nalo ni kuwamo. Kata ya Buguruni imo Ilala, na Ilala imo katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mchoro wa mtaa, kata, wilaya na mkoa ukichorwa karatasini una matawi sawasawa na mti wa klasi, na wanafunzi wengi hudanganywa na mfanano huo wakaiandika Buguruni kuwa mwana wa Ilala. Lakini hakuna asemaye kwamba Buguruni ni Ilala kwa maana ile ambayo daladala ni gari. Mti wa kuwamo si mti wa urithi, hata matawi yakilingana.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Taarifa za vituo vya afya nchini, zile zinazoanzia katika vitabu vya MTUHA vinavyojazwa na wauguzi na waganga, hukusanywa kitaifa kwa mfumo wa DHIS2, ambao umetengenezwa kwa lugha ya Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, jiji lilelile la Dahl na Nygaard, ukitokana na mradi ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Ndani ya mfumo huo mambo hayo mawili yametenganishwa kwa uangalifu. Kituo, kata, halmashauri na mkoa ni vitu vya klasi moja, klasi ya sehemu ya utawala, na kila kimoja kinakitaja kilicho juu yake kama sifa, kwa sababu kimo ndani yake. Hakuna klasi ya Mkoa iliyozaa klasi ya Wilaya. Urithi nao umetumika mahali pengine: sehemu ya utawala, kipengele cha taarifa na mambo mengine mengi yasiyofanana yote hurithi kutoka klasi ya jumla ya vitu vyenye utambulisho, ambayo inavipa jina, tarehe ya kuundwa na alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 11. Kila kimoja kati ya hivyo ni kitu chenye utambulisho, na sentensi hiyo inasimama popote itakapopelekwa. Waandishi wangeuchukua mti wa utawala kuwa mti wa klasi, basi kila kata mpya ikitangazwa ingehitaji programu iandikwe upya. Kwa jinsi walivyofanya, kata mpya ni kitu kipya kinachoongezwa na mtumishi kwa kubonyeza.

Baada ya Simula dhana zilisambaa kwa njia mbili. Katika maabara za Xerox huko California, Alan Kay na wenzake walitengeneza Smalltalk kuanzia 1972, wakitilia mkazo ujumbe unaopelekwa kati ya vitu kuliko klasi zenyewe. Na Bjarne Stroustrup, aliyekuwa ameitumia Simula alipokuwa masomoni Cambridge, alianza mwaka 1979 kuiongezea lugha ya C klasi, kazi iliyozaa C++. Python ilitoka 1991 na Java 1995, na kwa hizo mbili wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hukutana na somo hili kwa mara ya kwanza. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, wakafariki wote wawili mwaka 2002.

Lililobaki ni mwenendo wa vitu mbele ya ujumbe mmoja, ambao huitwa umbo-nyingi. Konda anapopita katikati ya viti akitikisa sarafu mkononi, sauti ni moja kwa wote, naye haulizi kwanza wewe ni nani ili achague jinsi ya kutikisa. Mtu mzima hutoa nauli kamili, mwanafunzi hutoa nauli ya mwanafunzi, na mtoto aliyepakatwa hatoi kitu. Ujumbe ni mmoja, majibu ni mengi, na tofauti ya majibu imo ndani ya anayejibu. Programu isiyojua njia hii huwa imejaa maswali ya kama ni huyu fanya hivi, kama ni yule fanya vile, na kila aina mpya ya abiria ikizuka maswali hayo hulazimika kutafutwa na kurekebishwa kila yalipo. Kwa umbo-nyingi, aina mpya huja na jibu lake mkononi, na konda hafundishwi upya.

Uhuru huo una sharti, na aliyelieleza kwa ukali ni Barbara Liskov, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, katika hotuba yake ya 1987: popote panapotarajiwa kitu cha klasi-mzazi, kitu cha klasi-mwana kiweze kusimama bila programu kuharibika. Tuseme klasi ya Daladala inaahidi kwamba viti vikijaa abiria wengine watasimama, na mwandishi mwenye haraka, kwa kuwa bajaji nayo hubeba abiria kwa nauli, akaifanya Bajaji kuwa mwana wa Daladala. Programu itakapoituma bajaji imsimamishe abiria, itavunjika, kwa sababu ndani ya bajaji hakuna anayesimama. Sentensi ya bajaji ni daladala ingeweza kumpita msikilizaji asiye makini, lakini ahadi imekataa. Ufumbuzi ni kupanda juu kidogo na kuunda klasi ya Chombo cha Abiria, inayoahidi kupakia, kushusha na kupokea nauli tu, kisha Daladala na Bajaji ziwe ndugu chini yake. Klasi ya jumla ya aina hiyo, ambayo yenyewe haifyatui kitu chochote kwa kuwa hakuna chombo barabarani kisicho cha namna fulani, huitwa klasi dhahania.

Hapa ndipo mpaka wa silabi unapojitokeza, na ni lazima ukubaliwe waziwazi. Mwanafunzi ni abiria, na mwanafunzi ni mtu. Sentensi zote mbili zinasimama, na mwandishi atakayezitii ataunda klasi ya Mwanafunzi iliyo mwana wa Mtu. Lakini mtu huyo atamaliza shule. Katika lugha kama Java kitu kilichokwisha kuundwa hakiwezi kuhama klasi, hivyo siku ya mahafali programu italazimika kumfuta mhitimu na kumuunda mtu mwingine mwenye jina lake, na kumbukumbu zake zote zitamtafuta marehemu. Neno ni katika Kiswahili linabeba mambo mawili, hali ya kudumu na kazi ya muda, na haliyatofautishi. Kinachoyatofautisha ni wakati uliopita: asemaye alikuwa mwanafunzi anazungumzia mtu yuleyule aliyebadilika, ilhali hakuna asemaye kwamba huyu alikuwa mtu. Linalokubali alikuwa bila mwenyewe kutoweka si la kurithiwa. Ni la kuwekwa ndani, kama sifa, na Kiswahili chenyewe kinatoa njia, kwa kuwa konda hamwamini anayedai kuwa mwanafunzi mpaka aone kwamba ana sare au ana kitambulisho.

Kwa kipimo hicho hata sentensi iliyoufungua mhadhara huu inapaswa kuchunguzwa upya. Daladala ni gari, ndiyo. Lakini je, Coaster ni daladala? Asubuhi ya siku ya kazi inapiga ruti, ikiwa na leseni ya njia iliyotolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na mstari wa rangi ubavuni. Jumamosi gari hilohilo limekodiwa spesho, limefungwa maua, linabeba wageni wa harusi wasiolipa nauli kwa konda, na wala halisimami kituoni. Mwenye kuiandika kama mwana wa Daladala atakuwa na gari lisiloweza kwenda harusini. Mwenye kuiandika kuwa gari la abiria lenye kazi, na kazi hiyo ikawa kitu kinachowekwa na kuondolewa, siku nyingine leseni ya njia na siku nyingine mkataba wa kukodi, ataibadilisha sifa moja Ijumaa jioni, na Jumatatu alfajiri atairudisha, namba ya kibao ikiwa ileile.